Kadi Isiyo na Kazi Kalemie Ifungwe

Ushauri wa fedha unaofika Kalemie siku hizi huja kwa sauti ya WhatsApp. Ndugu aliyeko Louisville, Des Moines au Portland anamwambia mkubwa wake aliyebaki mtaa wa Kataki au Lubuye: "Yaya, ile karti ya benki usiifunge hata kama huitumii. Ukiifunga utaharibu historia yako." Anayesema hivyo ana nia njema, wala hajatunga. Maneno hayo ameyasikia kwa watu waliompokea, kwa majirani, kwa muuza magari. Shida ni kwamba yaya hana historia ya kuharibu. Alicho nacho ni kadi inayokatwa ada kila mwaka, pamoja na avansi ya mshahara ambayo ikitoka leo, kesho imeshaishia kwenye unga na karo. Na kwa kuogopa kitu ambacho Kongo hakipo, mwaka ukigeuka anailipia tena.

Kwa mkazi wa kawaida wa Kalemie, kadi yenye ada ya mwaka na kikomo kidogo cha mkopo ifungwe, tena ifungwe kwa maandishi. Sababu ya kuiacha wazi imetoka Marekani, na hata huko ina nguvu ndogo kuliko inavyosimuliwa.

Tuanzie huko basi, ushauri ulikozaliwa. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, idadi iliyozidi ya nchi nyingine yoyote, Syria ikiwemo. Wengi walikuwa wamekaa miaka na miaka katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, ng'ambo tu ya ziwa Tanganyika kutoka hapa, kambi iliyofunguliwa 1996. Mtu wa namna hiyo anaingia nchi inayompima kila mkopaji kwa alama kuanzia 300 hadi 850, maarufu kwa jina la FICO. Asiye na alama husumbuka kupangishwa nyumba, na gari akiuziwa kwa mkopo, riba yake haisemeki. Ili apate alama inabidi akopeshwe, na ili akopeshwe inabidi awe na alama. Hapo ndipo kadi ndogo inapomsubiri.

Kadi hizo zinafanana kama pacha: kikomo cha dola 300, ada ya mwaka dola 75, riba juu. Zamani zilikuwa mbaya zaidi. Zilikuwepo za kikomo cha dola 250 ambazo ada za kuanzia pekee zilimeza sehemu kubwa ya kikomo kabla mwenyewe hajanunua hata mkate. Mei 2009 Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyoanza kufanya kazi Februari 2010, ikisema ada za mwaka wa kwanza zisizidi robo ya kikomo. Sasa gawanya 300 kwa nne uone dola 75 zimetoka wapi. Benki moja ya South Dakota, First Premier, iliipokea sheria hiyo kwa kujaribu kadi yenye riba ya 79.9% kwa mwaka. Si kosa la mpiga chapa. Ni sabini na tisa nukta tisa.

Kwa nini basi wajuzi wa huko wanaonya watu wasifunge? Kwa sababu ya namna alama zinavyohesabiwa. Kulipa kwa wakati kuna uzito wa 35%. Deni ulilonalo, hasa likilinganishwa na vikomo vyote ulivyopewa, lina 30%. Umri wa mikopo yako una 15%. Ukifunga kadi, jumla ya vikomo hupungua, na deni lile lile linaonekana kubwa zaidi.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini watu huikariri bila kuipiga. Tuseme mtu ana kadi mbili, moja ya dola 300 na nyingine ya 1,500, na kwenye hii kubwa anadaiwa dola 300. Anadaiwa dola 300 katika 1,800, karibu 17%. Akiifunga ile ndogo atadaiwa 300 katika 1,500, yaani 20%. Amesogea pointi tatu! Umri nao haupotei siku hiyo hiyo, maana akaunti iliyofungwa bila deni hubaki kwenye kumbukumbu hadi miaka 10. Udogo ule ule unaoifanya kadi isimfae kitu ndio unaofanya kuifunga kusimdhuru. Mwenye kadi hiyo pekee asubiri apate nyingine kwanza. Anayekaribia kuomba mkopo wa nyumba asubiri pia. Wengine wapige simu waombe ada ifutwe, au wabadilishiwe kadi isiyo na ada. Wakikataliwa, walipe deni hadi senti ya mwisho, wafunge, wadai barua. Kwa hiyo hata yule ndugu wa Louisville huenda analipa dola 75 kwa mwaka kulinda alama chache ambazo zingerudi zenyewe.

Turudi upande huu wa ziwa.

Kongo haina FICO. Banque Centrale du Congo ina daftari kuu la madeni, ambamo mabenki hupeleka habari za waliokopa na kutazama kabla ya kukopesha. Daftari hilo halimzawadii mtu kwa kutunza kadi miaka kumi mfukoni. Linaandika anadaiwa nini na nani, na kama analipa. Na mwalimu au muuguzi anapoomba mkopo kwenye benki ya hapa mjini, swali la kwanza huwa moja: mshahara wako unapita kwetu? Ukipita, mazungumzo yanaendelea. Usipopita, hata uwe na kadi za rangi zote, utaambiwa urudi siku nyingine.

Ndiyo sababu ni lazima kukumbuka kadi hizi ziliingiaje mikononi mwa watu. Kabla ya 2011 mshahara wa serikali ulisafiri kwa noti, kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono ulikuwa na njaa yake. Mwaka huo serikali ikaanza kuwalipa watumishi wake kupitia benki. Matata Ponyo alikuwa waziri wa fedha, na alipopata uwaziri mkuu mwaka 2012 aliusukuma mpango huo kwa nguvu zaidi. Kusikokuwa na benki, Caritas ilipewa kazi ya kuwafikishia walimu mishahara. Ulikuwa uamuzi mzuri, na anayeukosea heshima hakumbuki foleni za mbele ya nyumba ya mhasibu wala majina ya marehemu waliokuwa wakilipwa kila mwezi. Ila mwalimu hakuichagua benki. Orodha ndiyo iliyomchagulia. Na pamoja na akaunti vikaja vyake: ada ya kutunza akaunti, ujumbe wa simu wa kulipia, kadi, avansi. Katika rundo la karatasi alizowekewa mbele siku ya kwanza, wangapi walijua kwamba nyingine zilikuwa za hiari?

Hapa watu wengi huchanganya vitu vitatu. Akaunti ya mshahara ni kitu kimoja, na mtumishi wa serikali hawezi kuifunga ovyo, maana ndiyo mlango wa jasho lake. Avansi ni mkopo, una masharti yake na tarehe yake. Kadi ni chombo tu. Mtu anaweza kuirudisha kadi akaendelea kupokea mshahara kwenye dirisha kama kawaida, na anaweza kukataa avansi bila kugusa akaunti. Anayekwenda benki na kusema kwa hasira "fungeni kila kitu" anajitafutia miezi ya kuzunguka na faili mkononi.

Na kadi yenyewe, Kalemie, inanunua nini? Mji huu ulikua kwa reli na maji. Ulipoitwa Albertville, reli ilifika ziwani 1915, na tangu hapo biashara yake ni ya vitu vinavyopakiwa na kupakuliwa: mikebuka na ndakala, mahindi, saruji ya Kabimba, mizigo ya Kigoma, Moba na Uvira. Mwenye boti hana mashine ya kadi. Mama muuza samaki wa jumla hana pia, na akitolewa noti ya dola atainyanyua juani, ataikagua pembe zote, na ikiwa na mpasuko hata wa ukucha atairudisha. Mji unaokataa dola halisi kwa sababu imechanika kidogo hautakubali plastiki kesho. Kilichokuja na kikakubalika ni simu. Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, Airtel na Orange nao wana huduma zao, na leo mtu wa Lubuye hutuma pesa Nyunzu au Moba bila kuonyesha kadi popote.

Tena ada hiyo ina tabia mbaya ambayo haionekani kwenye karatasi ya bei. Mshahara hulipwa kwa faranga, ada nyingi za kadi huandikwa kwa dola. Chukua mfano wa ada ya dola 10. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa faranga 2,000 hivi, na ada hiyo ilikuwa faranga 20,000. Mwaka 2024 dola ilikuwa imefika 2,800 hivi, kwa hiyo ada ile ile, bila benki kupandisha hata senti, ikawa 28,000. Bei za ubaoni mara nyingi huandikwa bila TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni 16% tangu ilipoanza nchini Januari 2012. Ongeza, upate 32,480. Kwa mwalimu wa shule ya msingi hiyo si pesa ya kuiachia plastiki inayolala kabatini.

Avansi nayo ina mkasa wake. Kikomo chake kidogo kinaifanya ionekane haina hatari, kama kidonda cha mguu kisichomzuia mtu kutembea. Mwezi wa kwanza mtu anachukua sehemu ya mshahara kabla haujaingia. Mshahara ukiingia benki inakata chake kwanza, kinachobaki hakitoshi, anachukua tena. Baada ya mwaka anaishi kwa kukopa mshahara wake mwenyewe na kuulipia riba. Na Kinshasa ikichelewesha malipo, jambo ambalo halijawahi kuwa habari ya kushangaza, riba haichelewi. Mwenye kuona salio lake kila mwezi linaanzia chini ya sifuri ana sababu ya pili ya kufunga, na ni nzito kuliko ada.

Wapo wa kubaki na kadi, na haki yao isemwe. Mfanyabiashara anayeagiza vipuri Dubai au nguo Guangzhou anahitaji kulipa mbali. Kijana anayeomba chuo cha nje hukutana na ada zinazolipwa kwa kadi tu. Wafanyakazi wa mashirika ya misaada, waliojaa mjini tangu mapigano ya Watwa na Waluba yalipowamwaga watu makambini, husafiri na kulala hotelini. Kwao ada ya mwaka ni gharama ya kazi. Ila hata hao waulize kuhusu kadi ya kujaza kabla, ambayo mtu huweka kiasi anachotaka kutumia na haina mkopo ndani. Wengi wao hulipa mbali mara mbili au tatu tu kwa mwaka.

Kuna hoja moja inayostahili kujibiwa kwa makini. Watu wa biashara husema: leo hakuna alama Kongo, lakini kesho? Kongo imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Equity ya Kenya ilinunua BCDC mwaka 2020, benki ambayo mizizi yake inarudi hadi 1909, enzi za Banque du Congo Belge. KCB, nayo ya Nairobi, ilichukua sehemu kubwa ya benki nyingine ya Kongo, TMB, Desemba 2022. Wakenya wamezoea mashirika ya kuhifadhi taarifa za wakopaji. Wanayo yenye leseni kabisa. Mfumo huo ukivuka ziwa, je, aliyefunga kadi yake hatajuta?

Mkenya mwenyewe angewajibu. Kilichowaumiza watu Kenya ni madeni madogo yaliyosahauliwa, hasa ya mikopo ya simu. Shilingi mia chache zilimtia mtu kwenye orodha, na akienda kutafuta kazi au mkopo wa maana anakuta jina lake limetangulia. Hali ilizidi hadi Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikazuia kuorodheshwa kwa madeni ya chini ya shilingi 1,000, na Novemba 2022 ikaja na mpango wa kuwapunguzia nusu ya deni waliokwama kwenye mikopo ya simu. Sasa itazame ile kadi ya Kalemie iliyoachwa wazi "kwa ajili ya historia". Akaunti haina kitu, ada inakatwa, salio linakwenda chini ya sifuri, gharama zinazaa. Mwenyewe amehamia Lubumbashi na amebadilisha namba ya simu. Siku mfumo wa alama ukifika Kongo, jina lake litakuwa tayari limechafuka kwa deni asilolijua, na lililomchafua ni kadi aliyoitunza ili asichafuke. Anayeijali kesho na afunge leo.

Kufunga kuna utaratibu, na ndipo wengi hushindwa. Kuacha kuitumia kadi si kuifunga. Kuikata kwa mkasi nyumbani si kuifunga, na kumwambia kijana wa dirishani kwa mdomo, hata akiitikia kwa heshima zote, si kuifunga. Kwanza iombwe taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, isomwe mstari kwa mstari, mtu ajue anakatwa nini na nini. Kama salio liko chini ya sifuri, lijazwe. Kisha iandikwe barua fupi ya nakala mbili, inayotaja kadi yenyewe na kusema wazi kwamba akaunti ya mshahara inabaki, na kama kuna avansi au ujumbe wa simu wa kulipia, navyo visimamishwe. Nakala moja inabaki benki, nyingine inarudi nyumbani na mhuri na tarehe. Kadi irudishwe pamoja na barua. Baada ya mwezi mtu arudi kuomba hati ya kutodaiwa, na atazame kama kuna ada iliyokatwa baada ya tarehe ya mhuri. Ikiwepo, mhuri huo ndio wa kuidai nao.

Muda nao una maana. Mwezi wa mwisho wa kadi umechapwa usoni mwake, na benki nyingi hutengeneza mpya bila kuuliza. Barua ifike kabla ya hapo, na kabla ya mwezi ambao ada hukatwa.

Anayedharau karatasi awakumbuke wateja wa BIAC. Mwanzoni mwa 2016 benki hiyo, mojawapo ya zilizokuwa zikilipa mishahara ya serikali, iliishiwa pumzi. Watu wakawekewa kiwango cha kutoa, matawi yakafunga milango, watumishi wakahamishiwa benki nyingine. Katika vurugu kama hiyo mteja hana dirisha la kuuliza. Ana zile hati alizokwisha kuziweka sandukuni.

Lawama yote isimwangukie mteja. Mabenki ya hapa huandika bei zake kwa Kifaransa cha ofisini, kwa herufi ndogo, kwenye karatasi ambayo mteja huiona baada ya kukatwa. Katika mji ambao Kiswahili ndicho cha sokoni, kanisani, msikitini na bandarini, hilo halina udhuru. Bango la ada libandikwe mlangoni kwa Kiswahili, bei ya dola na ya faranga ziwe pamoja, TVA ikiwa ndani. Benki Kuu ya Kongo, ambayo ina mamlaka juu ya mabenki yote haya, iweke kanuni moja inayoeleweka: kadi isitengenezwe upya wala kukatiwa ada ya mwaka mwingine bila sahihi mpya ya mwenyewe. Hadi kanuni hiyo ije, aliye na kadi isiyo na kazi aende benki na barua yake ya nakala mbili kabla mwezi wa ada haujafika.